Kigari cha Baba

Baba alikuwa mtu wa chanjo za ng'ombe, na kwa miaka mingi hapakuwa na boma Ufipa lisiloujua mlio wa pikipiki yake. Aliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Ilikuwa nyeusi, tangi lina mistari ya dhahabu, kiti ni cha ngozi. Mimi, binti yake wa mwisho, ndiye niliyeisugua kwa tambara na majivu kila Jumamosi, mpaka nikaiona kama yangu.

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa. Shangazi, dada pekee wa Baba, akapelekwa kijiji kingine upande wa Kate. Kabla hawajazoea umbali huo, Baba akapooza mguu wa kulia, na pikipiki ikabaki bandani na kuku. Kila msafiri aliyeleta salamu za shangazi alijibiwa neno moja tu, kwamba Baba atakwenda. Wote tulijua hawezi, na yeye na dada yake walikuwa wanazeeka.

Kaka yangu, fundi wa gereji pale Sumbawanga mjini, akaja likizo na mpango wake. Angefufua injini, akate fremu, aunge kigari cha pembeni chenye gurudumu lake, Baba akae humo. Nikamwambia pikipiki ya Baba haikatwi. Irudishwe kama ilivyokuwa, rangi, mistari, kiti na yote, au iachwe ilipo. Akaniuliza Baba atapandaje na mguu usiokunjika. Mimi nikishindwa hoja huwa nanuna. Safari ile sikuishia kununa. Nilichomoa kabureta nikaifukia kwenye kihenge cha mahindi.

Kaka aliitafuta wiki nzima. Vipuri siku zile vilikuwa adimu kuliko sukari, na adha ya kupata kabureta nyingine aliijua vizuri. Akawashuku watoto wa jirani, akapekua mpaka viota vya kuku. Mimi nilikuwa namsaidia kutafuta, Mungu anisamehe.

Huku akitafuta, aliendelea na kigari. Kijijini hapakuwa na mtambo wa kuchomelea, kwa hiyo vyuma vya kukiunganisha na pikipiki alimpelekea mhunzi mzee, ambaye ukoo wake ulifua majembe kabla hatujajua majembe ya dukani. Mzee alikubali kazi kwa sharti la kwao. Wenye chombo waje wote, na kila mmoja aseme kinyongo chake kabla moto haujawashwa. Chuma kilichofuliwa juu ya kinyongo, alisema, huvunjika njiani. Kaka, mtu wa spana na vipimo, alinikonyeza. Baba hakuona cha kuchekesha, akataka abebwe na kiti chake mpaka pale.

Kaka akaanza. Alisema ananiona kama nisiyetaka afanikiwe jambo lolote mbele ya Baba. Ikaja zamu yangu. Niliitazama ile mivukuto ya kupulizia moto nikawaza kwamba nikinyamaza, na chuma kikavunjika, atakayekuwa ndani ya kigari ni Baba. Basi nikasema. Kabureta iko kwenye mahindi. Nikasema na sababu, kwamba tukiikata ile pikipiki tutakuwa tumekubali kuwa Baba hatapona.

Ni Baba aliyezungumza, taratibu, kwa sababu ulimi nao ulikuwa umeguswa kidogo.

"Mwanangu, mimi sitapona. Hilo nimelikubali siku nyingi, nilikuwa nawasubiri ninyi. Sitaki pikipiki ya kutazama. Nataka kumwona dada yangu."

Nililia bila aibu. Mhunzi akachochea mkaa wake.

Kigari kilitoka kibaya kweli, nusu ya pipa la dizeli juu ya gurudumu la mkokoteni. Kaka aliniachia tangi, nikachora mistari upya kwa mkono wangu, nayo ikapinda. Asubuhi tuliyoondoka Baba alikaa pipani amejifunga blanketi, kaka akashika usukani, mimi nyuma yake. Nyika za Ufipa zilikuwa na baridi ya kukata masikio, na Baba alimkaripia kaka njia nzima kwa namna anavyobadilisha gia. Nilikuwa sijamsikia akikaripia mtu tangu augue.

Shangazi alitoka jikoni mikono ina unga.

"Shikamoo, dada," Baba akasema, na mvi zake zote zile.

Shangazi alimshika uso kwa mikono ile ile ya unga, wakakaa hivyo mpaka kaka akazima injini. Tulilala pale. Asubuhi shangazi akatoka na kifurushi cha nguo, akatangaza kwamba anakwenda kukaa na mdogo wake mpaka mavuno. Kaka akanitazama. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, ile yangu nyuma yake.

Nilikaa siku tatu kwa shangazi nikilisha kuku wake na kusubiri lori la mahindi, na sijawahi kunyang'anywa kiti nikafurahi kama siku ile.