Mboni za Aurore

Mama Aurore haendeshi gari, analisukuma kwa sala. Kila asubuhi alikuwa akitoka mji wa Stafford, huku Texas, kwenda kazini mji wa Katy, rozari ikicheza kwenye kioo, na mimi niliyewahi kupanda naye nasema malaika wake alistahili likizo.

Jina lake hasa ni Concilie, Mrundi. Hilo la Mama Aurore amebaki nalo tangu kambini Kigoma, ambako binti yake wa miaka minne alikufa kwa malaria, mama akiwa kwenye foleni ya unga. Hata picha moja hana. Kinachomtafuna ni kwamba hakumuaga.

Huko Katy alimtunza bibi mmoja Msanthali kutoka mashariki ya India, Phulmani. Bibi alipenda kuchora wanyama wa kwao: nyungunyungu aliyepandisha udongo kutoka majini, kobe aliyeubeba mgongoni, na mabata bukini wawili ambao, kwa imani ya Wasanthali, mayai yao yalitoa watu wa kwanza.

Siku moja akamchorea Concilie picha ya Aurore, amepanda bata bukini. Ndege alikuwa na macho, kobe pia. Macho ya mtoto yalikuwa meupe. Bibi akaeleza kwamba kwao marehemu huchorwa bila mboni, na akishatiwa mboni huiona njia, akaenda zake.

"Ukiwa tayari, niambie," alisema.

Concilie hakuwa tayari. Mwaka mzima! Mimi sina subira, nikamkemea: "Mama Aurore, mwache mtoto aende."

"Nitamwacha, dada. Lakini mara hii nitakuwepo."

Mwezi wa tatu bibi akafariki, siku ya Jumamosi. Jumatatu Concilie akaenda kutoa pole. Mwana wa bibi, injinia mpole asiyejua sana mila za mama yake, akamkabidhi ile picha kwa mikono miwili. Alidhani mama yake ameacha kazi nusu, kwa hiyo akachukua brashi akaimaliza mwenyewe.

Aurore alikuwa anatazama.

Concilie akamshukuru, maana naye alikuwa amefiwa. Kisha akanipigia simu.

"Nime-park hapa nje kwao, siwezi ku-drive. Nimemuuliza alizichora mboni saa ngapi." Nikasikia anavuta kamasi. "Jana saa nane mchana, dada. Mimi nilikuwa nyumbani, napiga pasi."