Nchi Yetu ya Mbaazi

Shangazi alipopiga simu kutoka Kambu kusema nyanya anahamia kwake, karibu niangushe simu kwenye chai. Nyanya gani? Yule aliyeapa kwamba atatoka kwake siku ya kubebwa? Nilikuwa kazini, nikibishana na wenzangu. Tunabuni mchezo wa kompyuta wa kuendesha nchi: unapewa ardhi na raia, unatoza kodi, unajenga barabara, halafu unaona kama nchi itasimama. Mwenzangu mmoja alitaka raia wakichoka waweze kuondoka. Nilikataa katakata. Raia wangu hawaendi popote, nilimwambia. Nikafunga kompyuta, nikashika njia kwenda kumzuia nyanya.

Wacha nikuambie kazi hii nilijifunzia wapi, maana si chuoni. Kwetu, chini ya vilima vya Mbooni, mto ulikuwa mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Maji yalikaa chini. Ulichimba shimo, ukangoja, yakatokea polepole, baridi, ukayateka kwa kibuyu hadi mtungi ujae. Likizo ya Agosti mimi, binamu na mtoto wa jirani tulitumwa huko kila asubuhi na punda, na kule kungoja kulituchosha sana. Ndipo tukaunda nchi. Tulichora mipaka mchangani kwa kijiti. Mbaazi zilikuwa raia, mahindi yalikuwa polisi, na rais alikuwa kizibo cha soda kwa sababu kiling'aa. Tulikuwa na ikulu, jela mbili, na barabara ya majivu eti ni lami. Binamu alikuwa waziri wa kila kitu na alipenda kufunga watu. Tabia ile anayo hata leo. Kodi tulilipa kwa muthokoi wa mchana, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na mwenye zamu ya urais alishiba kweli.

Siku moja nyanya alishuka kuangalia kwa nini maji yanachelewa. Akasimama juu yetu, leso yake ikinuka moshi. Akaangalia ikulu, akaangalia jela.

"Watu wenu wanakunywa wapi?"

Tulitazamana. Haki ya Mungu, tulikuwa tumekaa kando ya shimo la maji, miguu imelowa, na hakuna aliyekumbuka. Maji yalikuwa adhabu yetu, nani angeyatia kwenye mchezo? Nyanya hakugomba. Aliokota mbaazi zote, akazifunga kwenye pindo la leso.

"Wamehama," akasema, akajitwika mtungi akaenda zake.

Kumbe raia wanaweza kuhama! Rais alibaki na polisi wake na jela zake, hana wa kutawala. Jioni, zile mbaazi zikaja zimepikwa, nikakataa kula, na binamu akanicheka mpaka akapaliwa.

Basi juzi, kabla ya kufika kwa nyanya, nilipitia mtoni. Woi, ndugu yangu. Mchanga hakuna. Malori yameubeba wote kwenda kujenga mijini, umebaki mwamba mtupu. Nilitafuta mahali pa ikulu yetu, sikupata hata alama. Nilitafuta ile harufu ya mchanga uliolowa, haipo. Niliketi juu ya mwamba. Bila mchanga hakuna shimo, na bila shimo hakuna maji. Nyanya alikuwa akinunua mtungi wa maji kwa vijana wa bodaboda, siku wakiamua kuja. Na hakuna aliyeniambia! Au waliniambia, nikawa nashughulika na nchi ya kompyuta.

Nilimkuta nyanya amekaa nje, nguo zake kwenye mfuko mmoja. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima: nitamwekea tangi, nitamtafutia msichana wa kumsaidia. Kibuyu cha kutekea kilikuwa bado kwenye msumari. Nikauliza kama tukibebe. Akauliza cha nini.

"Susu, lakini hapa ni kwako," nilisema, nikimwita kama tulivyomwita utotoni.

Aliingia ndani, akatoka na mbaazi za mbegu kiganjani, akazifunga kwenye pindo la leso taratibu, mafundo mawili, akajaribu kama yameshika.

"Wamehama," akasema.

Nikafunga mlango. Tulizunguka tukitafuta jirani wa kumwachia ufunguo, kila mlango una kufuli, hatukumpata.