Mkono Uliobaki Hewani

Binti yangu alipokuwa na miaka kumi na mitatu nilimfinya mbele za watu, kwa sababu hakumpa shangazi yangu mkono. Bibi wa watu kaketi kwenye kiti kifupi, mkono kaunyoosha, na mtoto kasimama tu kama hakuna mtu. Hapa Mji Mkongwe watu watakusamehe mengi, lakini si hilo. "Una kiburi kama babu yako!" nikamwambia. Nina ulimi mkali, wala sijawahi kuukana.

Babu yake ni baba yangu, marehemu sasa. Kiburi chake kilijulikana mtaa mzima. Alipita vichochoroni akiangalia mbele tu, waliokaa barazani wakimpungia asiwajibu. Jua likishatua hatoki, akisema ataswali nyumbani. Siku moja, kwenye harusi, rafiki yake wa utotoni alimpa mkono, ukabaki hewani mbele ya kadamnasi. Yule rafiki hakukanyaga tena kwetu, na hata mazikoni hakuja.

Kisha mtoto akaanza kujigonga milangoni wakati wa magharibi, na kulalamika kwamba maandishi ya ubaoni yana ukungu. Nikampeleka kwa daktari wa macho. Alimchungulia kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kama mimi na mume wangu ni jamaa. Nikasema ni mtoto wa ami yangu. Akauliza kama kuna mtu kwenye ukoo asiyeona vizuri gizani. Nikajibu upesi, "Hakuna." Tulipokuwa tukishuka ngazi mtoto akanishika bega, nikakumbuka baba alivyokuwa akinishika bega vile vile. Nikakaa pale pale kwenye ngazi nikalia.

Ugonjwa ni wa kurithi. Unaula utando wa nyuma ya jicho, kuanzia pembeni kwenda katikati, na kilichopotea hakirudi. Lakini daktari alisema katikati pana uvimbe, na uvimbe unatibika. Tukiuwahi, huenda mtoto akaendelea kusoma miaka mingi. Basi mara tatu kwa siku alinilazia kichwa mapajani nikamtia matone. Nikamwomba radhi kwa ule mfinyo.

"Nshasahau, mama," akasema. "Wewe tia dawa tu, usinitoboe."

Baada ya miezi miwili uvimbe ulipungua, akasoma mistari miwili zaidi ukutani kwa daktari. Safari hii nilimweleza daktari habari za baba. Damu zetu zilikuwa zipelekwe nje kupimwa vinasaba, ijulikane kama ipo tiba inayomfaa, na alitaka kujua macho ya baba yalianza lini. Kati ya waliokua naye alibaki mmoja tu, yule rafiki wa harusini. Tukaenda Bububu.

Mzee alikuwa kibarazani kwake, mkongojo ubavuni. Nikamwamkia, akaitika. Akamnyooshea mtoto mkono, chini, usawa wa magoti. Mtoto akasema shikamoo vizuri kabisa, macho usoni kwake, na mkono ukabaki hewani. Nikauona uso wa mzee unabadilika. Ukali wangu wa siku zote ulikuwa umeshanifika kooni.

"Ami, unyanyue mkono," nikasema. "Huko chini haoni. Na baba pia alikuwa haoni."

Mzee akaupandisha mkono polepole mpaka mbele ya uso wa mtoto, naye akaupokea, akaubusu. Mzee hakumwachia.

"Utotoni, tukitoka chuoni kusoma Kurani magharibi," akasema, "alikuwa akinishika kanzu mpaka kwao. Mie nkidhani anaogopa majini." Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. "Kazikwa wapi?"

"Mwanakwerekwe."

"Na mie na gongo hili, nani atanshika mkono mpaka huko?"

Binti yangu hakuningoja nijibu.

"Ntakushika mimi, babu," akasema. "Mchana naona."