Mwenyekiti Kwenye Kila Picha

Aibu niliyoipata Mikumi siwezi kuificha, maana ukumbi ulijaa, na wengine mpaka leo wakikutana nami hawaniulizi habari za nyumbani, wananiuliza Mwenyekiti hajambo. Kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe, na nianzie kwenye viatu.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu ulikuwa wa kukusanya maoni ya wananchi kuhusu huduma ya maji katika kitongoji kimoja cha kata ya Ulaya, kwetu Kilosa. Siku ya kwanza ya kuhoji watu nikavaa viatu vipya vya kufunika (nilitaka nionekane mtafiti, sio yule binti aliyekuwa akija gulioni na bibi yake), na kabla sijafika nyumba ya tatu kisigino kimeshatoka lengelenge. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee mstaarabu kwelikweli, akapita na pikipiki yake, akaniona nachechemea, akasema, "Panda mwanangu, nitakuzungusha mimi." Nikapanda, wala sikufikiria mara mbili.

Basi tukazunguka nyumba kwa nyumba siku nne. Tukifika, Mwenyekiti anapiga hodi, anaamkiwa, analetewa kiti, mimi naletewa kigoda, nafungua kishikwambi changu, nauliza maswali, na watu wananijibu bila kusita kwamba maji wanapata na wameridhika. Nikishikwa na kiu Mwenyekiti ananitolea maji ya chupa (alibeba katoni nzima kwa ajili yangu, Mungu ambariki). Nilifurahi mno, nikaona utafiti kumbe ni kazi rahisi. Na mimi ni mtoto wa Kilosa, nimelelewa na bibi ambaye hata bati likivuja juu ya kichwa cha mgeni bado atasema kwetu salama. Nilipaswa kujua.

Kongamano likafika. Watafiti kutoka vyuo mbalimbali wamejaa kwenye ukumbi wa hoteli Mikumi, na safu ya mbele wamekaa watu wa ofisi ya maji, ambao wangetumia ripoti zetu kuamua vitongoji gani vichimbiwe visima. Waandaaji walitaka kila mtafiti aje na mmoja wa watu aliowahoji, ili matokeo yarudi kwa wenyewe. Mimi nikamchagua Mama Yudita, mkulima wa mahindi, kwa sababu alinijibu kwa tabasamu kuliko wote (na, niseme ukweli, nilitaka mtu wa kunipigia makofi).

Nikapanda jukwaani na viatu vilevile. Nikaeleza kwa sauti ya kisomi kwamba karibu wote niliowahoji wameridhika, kwa hiyo kitongoji hiki kinaweza kusubiri, visima vianzie kwingine, na bwana mmoja wa ofisi ya maji akawa anaandika. Nikamalizia na picha tatu kubwa za kuonyesha ushirikiano wa jamii. Makofi yakapigwa, na Mama Yudita akanyoosha mkono, akapelekewa maiki.

"Asante sana kwa swali lako," nikawahi, naye hata hajauliza.

"Kwanza mwanangu hatujasalimiana."

Ukumbi ukacheka. Nikatoa shikamoo kwenye maiki, akaitikia marahaba kwenye maiki, taratibu, kana kwamba tuko uani kwake.

"Hiyo picha irudishe. Hapo ni kwangu. Huyo ni mimi, huyo ni wewe. Huyo wa katikati kwenye kiti ni nani?"

"Ni Mwenyekiti, mama."

"Na ile nyingine?"

Nikabonyeza. Mwenyekiti, helmeti mapajani. Nikabonyeza ya tatu kwa matumaini, na hapo Mwenyekiti alikuwa anatafuna hindi la kuchoma huku mhojiwa wangu akimtazama yeye, sio mimi. Watu wakaanza kushika mbavu.

Ningeomba radhi hapo hapo yangeisha, lakini msomi nikabisha. "Lakini mama, dodoso lilikuwa la siri, na wewe mwenyewe ulijibu kwamba umeridhika." (Yaani nimemwambia ni siri, na papo hapo nimelitangaza jibu lake mbele ya ukumbi mzima.) Dokta, msimamizi wangu, akajifunika uso kwa ratiba ya kongamano.

Mama Yudita hakukasirika. "Nilijibu hivyo, sikatai. Umemleta mtu mzima, ndiye mwenye ufunguo wa pampu, amekaa kwenye kiti changu, halafu unaniuliza mbele yake kama pampu inatoa maji. Nimsute nyumbani kwangu, tena mbele ya mgeni? Sisi tulikuwa tunamheshimu yeye, wewe ukaandika tumeridhika. Pampu imekufa tangu mwaka juzi, tunachota mtoni pamoja na ng'ombe." Kisha akaniuliza, "Siku ile maji yetu uliyanywa?"

"Hapana, mama. Nilikunywa ya chupa."

Hapo hakuna aliyecheka. Yule bwana wa ofisi ya maji alikuwa ameinua kalamu ananitazama, nikaelewa kwamba lengelenge langu lilikuwa linakaribia kuwanyima kisima watu wa kitongoji kizima. Nikaomba kwenye maiki, sauti inatetemeka, matokeo yangu yasitumike.

"Usilie," akasema Mama Yudita. "Njoo tena, ila njoo peke yako. Na hivyo viatu viache."

Dokta akasimama kuniombea wiki mbili, ofisi ikakubali. Nikarudi Ulaya kwa kandambili, kwa miguu, nyumba zote upya, na safari hii watu wakasema mpaka nikachoka kuandika. Mama Yudita alinipa kikombe cha maji ya mtoni, yamechemshwa lakini bado yananuka tope, nikayamaliza huku ananiangalia. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mwenyekiti. Tulipokaa wawili tu, naye akainamisha kichwa akaniambia pampu imekufa, ameandika barua mpaka amechoka, na kila tulipoingia nyumba alikuwa anaomba moyoni mtu mmoja aseme, maana yeye aliona aibu kulitamka mbele ya watu wake.

Kisima kilichimbwa kiangazi kilichofuata. Viatu nilimpa mdogo wangu, naye analalamika vinabana. Nimeapa sitamfanya tena mtu amtolee mkubwa kiti chake, halafu nimuulize habari za huyo huyo aliyekikalia, na kila ninakokwenda kuhoji naomba kwanza maji ya kunywa ya pale pale.

Tasnifu ilipokwisha Dokta aliusoma ukurasa wa shukrani, akakuta jina la Mama Yudita limetangulia lake. Akaniuliza huyo ni mhadhiri wa chuo gani. Nikamkumbusha Mikumi, akacheka, akasema basi liache hapo hapo.