Nondo ya milimita tatu: jinsi kipepeo wa uzio wetu Ngezi alivyopata jina

Wakuu, amani kwenu wote.

Mimi niko Bunia, mtaa wa Ngezi, huku Ituri. Ni peintre, nachora vibao vya maduka, na diplôme yangu ya shule ya jioni imening'inia sebuleni mahali ambapo hata mgeni kipofu ataigonga. Haya nitakayosema ni kweli tupu. Pale nitakapozidisha chumvi mtaisikia wenyewe.

Nianze na upuuzi wangu.

Yaya Bahati, kaka yangu mkubwa, alikuwa mchimba zahabu kule Nizi. Alirudi na habari kwamba majani yenye mistari myeupe ni ramani. Mnayajua hayo majani: la kijani, ndani yake kinjia cheupe kinachopinda-pinda kama mlevi anarudi nyumbani. Katikati ya kinjia kuna uzi mwembamba wa kahawia unaong'aa kidogo.

Yaya alisema ule uzi njo (ndio) mshipa wa zahabu wenyewe. Unalaza jani chini, kikonyo kinaelekea jua la asubuhi, unachimba pale uzi unapoishia.

Niliamini yote. Si nusu, yote.

Uzio wetu hapa Ngezi ulijaa majani hayo. Nikachimba nyuma ya jikoni mpaka nikasikia watu wa upande wa pili wa dunia wakikohoa. Nilichopata ni kiatu kimoja cha mtoto na hasira ya Mama Neema, mke wangu.

Sikukata tamaa. Nikatia majani mazuri mazuri ndani ya chupa ya mayonnaise, nikafunika, kusudi ramani isikauke.

Asubuhi moja chupa ikawa na wageni.

Vipepeo. Wadogo jamani, ukivuta pumzi vibaya unameza ukoo mzima. Mabawa meusi, na mkanda mmoja unaong'aa kama kifungo cha jenerali. Nikasema bon, zahabu imeota mabawa.

Kidogo pembeni: Watanzania wanaita mdudu huyu nondo. Nilipoandika humu zamani kwamba nina nondo mpya, watu wakanifuata inbox kuuliza ni ya milimita ngapi. Nikajibu kwa fahari: tatu. Jamaa mmoja akasema hiyo haishiki hata zege la choo. Kumbe kwenu nondo ni vyuma vya kujengea pia! Siye tunasema kipepeo ya usiku, hakuna kuchanganya.

Turudi.

Wiki hiyo alikuja mteja, Madame Claudine, mtafiti wa wadudu, alitaka kibao cha mlango wa ofisi yake. Nikamwonyesha ile chupa. Akaipokea, akasahau kibao kabisa.

Akanieleza kwamba kinjia cheupe kinachimbwa na funza mdogo anayeishi ndani ya jani, anakula huku anatembea, halafu anageuka kipepeo. Nikaelewa haraka sana: funza anafuata mshipa wa zahabu, sawa na yaya Bahati. Sikumwambia. Niliona nimemzidi hapo.

Akasema vipepeo wadogo hivi huku kwetu karibu hakuna anayewaangalia, inawezekana huyu hajulikani popote. Akaniomba nifuge wengine, dume na jike, niwachore wao na majani yao.

Inawezekana, alisema. Mimi nilitoka pale nikatangaza Ngezi nzima kwamba ni mpya. Kinyozi alijua, mchungaji alijua, nadhani na mbuzi walijua.

Kazi ikaanza. Nilitumia brashi ambayo nyusi za mbu ni nene kuishinda. Ule uzi wa katikati niliupaka rangi ya zahabu iliyobaki kwenye kibao cha kanisa. Madame akanirudishia mchoro: rudia kwa kahawia, chora unachokiona. Nikarudia, roho inauma.

Halafu ikaja siku mbaya. Madame alilinganisha mabawa na maelezo ya vipepeo waliokwisha kuandikwa, akakuta mmoja wa nchi nyingine anayefanana na wetu kama pacha. Akasema pengine ni huyo huyo.

Nikarudi nyumbani, nikasimulia. Mama Neema akanitazama.

“Papa Neema, weye njo ulisema iko mpya. Kama iko ya zamani, kesho utapita sokoni na uso ya nani?”

Kesho ikafika. Nilipita njia ya nyuma kama mwizi wa kuku.

Madame hakuacha. Alisema mabawa yanadanganya. Wadudu hawa wanatofautishwa kwa viungo vya uzazi vya dume, chini ya mikroskopi. Mimi shemasi wa kanisa niliinama nikatazama. Dume wetu ana vindoano viwili, yule pacha anacho kimoja. Wakuu, sijawahi kufurahia sehemu za siri za mtu yeyote kiasi hicho.

Lakini alitaka ushahidi wa pili. Akapanga michoro yangu mezani. Kwa yule pacha, uzi wa kahawia unajaza njia yote. Kwa wetu unakwenda zigizaga, karibu karibu, kama mshono wa cherehani. Jani baada ya jani, vile vile.

Akavua miwani.

“Papa Neema, huyu hana jina. Tumupe.”

Nililia kidogo. Sawa, sana.

Maelezo yametoka kwenye jarida la sayansi, wakuu. Kipepeo amepewa jina la Bunia, na nyuma ya jina lake wameandikwa waliomwelezea kwa mara ya kwanza: Madame, na mimi. Siku hizi napita katikati ya soko, polepole, hata nikiwa sina cha kununua.

Somo nililopata: chora unachokiona, hata kama roho inataka rangi nyingine. Mwenye majani ya namna hii kwenye uzio wake apige picha aweke hapa tuone, na mwenye swali aulize, mtaalamu nipo.

Na wale wa Nizi ambao bado mnalaza majani chini, nawaachia neno la Madame siku tulipokuwa tunaandika maelezo, nilipomwambia kwamba ule uzi auandike “mshipa wa zahabu”:

“Papa Neema, ile haiko zahabu. Ile ni mavi ya funza.”