Ng'ombe wa Mfano

Jirani yangu humwandalia ng'ombe wake chakula kama anayesubiri wakwe. Majani anayakata mafupi, pumba anaipima kwa kopo la rangi, mashudu anayavunja viganjani mpaka bonge la mwisho, kisha ananusa vidole. Tangu bwana mifugo amfundishe kwamba ng'ombe akila mlo uliopimwa hutoa maziwa zaidi, na ile gesi anayoibeua, inayoipasha dunia joto, hupungua, haambiliki. Nikimtupia mnyama ganda la ndizi, jirani analiokota. "Shemeji, unanivurugia mlo!"

Asubuhi ambayo bwana mifugo alikuwa analeta wafugaji wamwone huyo ng'ombe wa mfano, nilipeleka viti, nikamkuta jirani anaongeza kopo la pumba, tena la pili.

"Si ameshakula huyo?"

"Leo ana wageni, shemeji. Asionekane mwenye njaa."

Wageni walipoingia, ng'ombe alikuwa amesusa kula, ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma.

"Huyu ndiye wa mfano?" mmoja akauliza, wenzake wakacheka. Bwana mifugo akauliza amelishwa nini. Jirani yangu, anayebishana hata na redio, akatazama viganja vyake vyeupe kwa pumba, akavificha nyuma.

"Nimemzidishia," akasema polepole.

Bwana mifugo akakanda ule ubavu kwa ngumi, akakanda tena, mpaka ng'ombe akanyoosha shingo na kubeua kwa kishindo, banda zima likanuka. Wageni wakashika mbavu kwa kicheko. Jirani yangu akajiziba mdomo.

"Samahanini," akasema, kama aliyebeua ni yeye.