Ng'ombe wangu wa waya aligoma kusimama kwenye kibao

Wakuu, habari za mchana. Hili lilinipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. (Mimi ni dada, wazee wa PM mtulie.)

Miaka ya themanini mwishoni, kijijini kwetu Kimuli. Nimemaliza la saba, sijachaguliwa kwenda sekondari. Kulikuwa na karakana ya ufundi inachukua vijana wachache tu. Sharti ni uje na kitu ulichotengeneza mwenyewe. Ukikosa hapo, ni jembe na kahawa ya baba mpaka uolewe. Nilikuwa naogopa mno.

Nikatengeneza ng'ombe. Kiunzi cha waya wa fensi, juu nikamvisha maganda makavu ya mgomba. Pembe nikaweka ndefu kwelikweli, si mnawajua ng'ombe wa kwetu?

Kasheshe ikaja kwenye kibao cha kumsimamishia.

Niligonga misumari kwa juu, nikaikunja ibane kwato. Pembe zikamzidi uzito, ng'ombe akaanguka pua chini. Nikaongeza misumari. Kumbe kibao chenyewe kilikuwa cha mkaratusi mbichi, kikapasuka paa! Na safari ya karakana ni kesho yake. Jamani, nililia.

Kaka akacheka, "Kata pembe basi."

Nikamwambia akakate zake.

Mama alikuwa mlangoni anasuka kikapu. Akaniangalia weee, akasema, "Ncha za kikapu huwa naziacha juu? Si nazipitisha chini, nazifungia huko?"

Nikainuka.

Nikachukua ubao mkavu wa mlango wa banda la mbuzi. Nikachoma msumari mpaka ukawa mwekundu, nikatoboa matundu manne. Kwatoni waya ulikuwa umebaki mrefu, nikaupitisha, nikaukunja kwa chini na kuugongea misumari. Nikachimba vijifereji kwa kisu ili waya uzame, kibao kisicheze.

Akasimama!

Asubuhi nikafika karakana, nikamwamkia fundi mkuu, shikamoo. Mzee mkali huyo! Akamshika ng'ombe pembe, akamnyanyua na kibao chake, akatikisa. Kisha akageuza kibao, akatazama chini muda mrefu.

"Nani kakufundisha kufungia huku?"

"Mama."

"Jumatatu uje kuanza. Na mama yako akipata nafasi, aje atufundishe na sisi."

Wakuu, nilishusha pumzi ambayo sijaishusha tena hivyo mpaka leo. Njia nzima nacheka peke yangu kama chizi.

Nilichojifunza: nilihangaika siku nzima na kile kibao, kumbe fundi alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, kila siku, na sikuwahi kumwita hivyo.

Kwenu alikuwa nani? Mtajeni hapa chini.